Salfa ya Swalehe na Kifua cha Bi Mwanakombo

Stamili wa Chilangala hakuwa mtu wa kumwamini mtu. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kuleta salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutangaza kwamba ile ya dukani imechanganywa. Na nini? Hajui. Lakini imechanganywa!

Basi jirani yake Swalehe alipoanza kupuliza salfa hiyo kila alfajiri kwa pampu ya mota, na nyumba ya Stamili ikashikwa na kikohozi, homa na viungo kuuma, ushahidi wa nini tena? Akamnunia Swalehe. Akaziba madirisha kwa magunia. Akamhamisha mama yake, Bi Mwanakombo, kutoka kibanda kilichopakana na shamba la Swalehe, akamlaza chumba kimoja na yeye na wajukuu, mlango ukafungwa. Vumbi liingie? Thubutu!

Siku ya nne bibi alishindwa kumeza hata uji. Stamili akampakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Nesi Veridiana alimsikiliza kifua, akaagiza litafutwe gari la kwenda hospitali ya Ndanda upesi.

"Ni salfa, Sista. Usimfichie mtu siri."

"Mama Zena," nesi akamwambia Stamili, "salfa huwasha koo tu. Haya ni mafua makali, yameshuka mapafuni. Kirusi chake hunasa kwenye seli za koo, na seli yenyewe hukimeza ikidhani ni kitu cha kawaida. Kikishaingia, huifanya izae virusi vingine. Seli ikishtuka, hupiga mbiu jirani zake wajihami, na mwili unaanza kupigana. Ile homa ndiyo mapigano yenyewe."

Stamili akabetua midomo. Adui haonekani, halafu mwili ndio unamkaribisha? Hadithi hizo!

"Haya, nani alimletea mama yangu?"

"Hupita kwa kikohozi na pumzi, hasa watu wakijifungia pamoja. Nyumbani kwenu nani alianza kukohoa?"

Stamili akafungua mdomo amtaje Swalehe. Lakini Swalehe hakuwa amekohoa hata mara moja. Akakumbuka alivyorudi kutoka msibani Masasi koo likimkereketa, siku mbili kabla ya pampu kuwashwa.

"Mimi," akasema.

"Stamili," bibi aliita kitandani, pumzi zikikatika, "njoo unishike mgongo, mwanangu."

Stamili alipiga hatua moja, akajiziba mdomo kwa kanga, akabaki amesimama palepale akilia.