Nilivyostaafu Kuinama

Siku yangu ya kwanza gereji, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, sikupewa spana. Nilipewa kreti la soda. Fundi Mkuu aliligeuza kichwa chini mbele yangu akasema, "Hiki ndicho kiti chako, na ndiyo jeki yako. Pikipiki ikikalia kreti, wewe kalia sakafu." Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikadhani ananitania. Wala.

Nyinyi mnaoanza ufundi leo lazima mjue. Gereji nzima haikuwa na meza ya kuinulia pikipiki. Ukitaka kushusha injini, wawili mnanyanyua, wa tatu anasukumiza kreti chini yake. Ukitaka kutoa tairi la nyuma, unaweka stendi kubwa, ile ya miguu miwili ya katikati. Na kama imevunjika, maana za bodaboda huwa zimevunjika, unailaza pikipiki ubavu, petroli inamwagika, mwenyewe anapiga kelele. Umechuchumaa tangu asubuhi. Jioni kunyooka ni kazi nyingine.

Fundi Mkuu alimwomba meza mwenye gereji, ambaye sote tulimwita Tajiri. Nilikuwepo.

"Tajiri, migongo inaisha hii."

"Mbona wewe umezeeka nao?"

"Nimezeeka nao, ila haunyooki."

Tajiri akacheka, akaingia kwenye gari lake. Kicheko kile kinaniudhi mpaka leo, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Fundi Mkuu hakugomba. Alitufundisha namna ya kutoumia. Kabla ya kunyanyua pikipiki yoyote alimwaga maji kidogo sakafuni, akaangalia yanaelekea wapi, kwa sababu yanakoelekea ndiko pikipiki itakakoangukia. Vijana wa gereji ya jirani walimfanya mganga.

"Mzee, leo mizimu inasemaje?"

"Inasema wewe umesimama upande wa kuangukiwa."

Alinianzisha kuosha spea, akanipeleka kwenye cheni na sproketi, mwisho akanikabidhi injini. Mteja mmoja aliponiona nimeshika kabureta yake akasema anataka fundi. Fundi Mkuu akamjibu, "Fundi ndiye huyo. Mimi namshikia tochi." Na kweli akachukua tochi akanimulikia mpaka nikamaliza. Hilo sitalisahau.

Halafu nikapata mimba. Nilifungua injini nimepiga magoti, tumbo limenibana. Nilipojifungua, mgongo ukagoma. Muuguzi akaniambia niache kuinama au niache kazi. Kazi nyingine siijui, na mtoto anakula. Nikaamua kufungua gereji uani kwetu Magomeni, lakini bila meza ya kuinulia nisingefika popote.

Asubuhi ya kwenda dukani nikamwaga maji uani. Yakakimbilia mtaroni yote, maana sakafu imeinamishwa ili maji ya kufulia yatoke. Nikapima mlango wa korido kwa kanga, nikambeba mwanangu kwa kanga hiyo hiyo, nikaenda Kariakoo.

"Karibu mama," muuzaji akasema. "Shemeji anatumia pikipiki gani?"

"Shemeji yupi?"

"Baba mtoto."

"Baba mtoto anauza vitunguu. Fundi ni mimi. Nionyeshe meza."

Akaanza na jeki ya mkasi, ndogo, inayoingia chini ya injini. Bei nzuri, lakini pikipiki nyingi za bodaboda huko chini hazina fremu, kwa hiyo uzito wote unakalia bolti ya kumwagia oili. Ikipasuka, unamlipa mtu injini. Nikakataa. Akaleta meza nyekundu ya vigurudumu. Nikayakumbuka maji yangu, nikakataa. Ya tatu ilikuwa na miguu ya kufungua, kila mguu una bolti ya kusawazishia, na inapanda kwa pampu ya oili.

"Hii ukiipandisha haishuki."

"Ipakie pikipiki."

Akaipakia ya duka, akapampu. Nikachora alama kwa chaki ukutani, usawa wa meza.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa nanyonyesha."

Nikakaa kwenye ndoo ya rangi, nikanyonyesha. Mtoto alipoachia titi, meza ilikuwa chini ya alama. Sili ya pampu, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa inavujisha kwa ndani.

"Imeshuka kidogo tu, mama."

"Mwanangu naye ni mdogo tu. Anatambaa. Atakuwa chini ya hiyo meza."

Hapo akaacha kuniita mama. Akasema, "Fundi, ngoja," akatoa nyingine stoo, ya aina ile ile ila ina pini ya chuma. Ukishapandisha unachomeka pini, hata oili ikiisha meza inakalia chuma. Akaipakia pikipiki, akaipandisha mpaka kwenye alama, nikahamia titi la pili. Meza haikushuka. Nikatandaza kanga juu yake, nikaona mlangoni inapita, nikaichukua.

Kazi sijaacha. Nilichostaafu ni kuinama.

Jumapili iliyofuata nikamwita Fundi Mkuu, ambaye sasa yuko nyumbani tu. Alikuja polepole, amepinda vile vile.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Maji yako wapi?"

Akamwaga, yakakimbia mtaroni, akaitikisa meza. Imetulia. Nikapandisha pikipiki mpaka usawa wa kifua chake, nikachomeka pini. Akawa anaangaza huku na huku.

"Unatafuta nini?"

"Kreti."

"Hapa hakuna kreti, Fundi. Simama."

Akasimama. Mgongo ulinyooka kiasi ulichoweza, akaanza kufungua kabureta. Aliniona nilivyonuna, akajua namuwaza Tajiri.

"Muache huyo," akasema. "Kumbe kazi hii mtu anaweza kuifanya huku anaona nyuso za watu."

Nikachukua tochi, nikamshikia.