Dobi na Maswali ya Bintiye

Mtaani walimwita Pasi Moto, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa dobi, mgane, na baba wa binti mmoja wa miaka kumi na tano.

Siku moja binti alirudi na habari kwamba mwenzake wa dawati moja ameacha shule kwa sababu ya mimba. Pasi Moto akampigia simu dada yake. "Njoo uzungumze na mtoto."

Dada akaangua kicheko. "Nimwambie nini, kaka? Mwambie akae mbali na wavulana, basi."

"Hata huyo mwenzake aliambiwa hivyo hivyo."

Kesho yake alikwenda duka la dawa, akamuuliza mhudumu maswali mpaka watu wa foleni wakaanza kukohoa. Jumamosi akamwita binti amsaidie kukunja shuka za nyumba ya wageni. Kila mmoja akashika ncha mbili.

"Mama, leo nina mazungumzo. Nikibabaika, nivumilie."

Akaanza: mimba, magonjwa, kondomu, vipimo, na haki ya kusema sitaki. Jasho lilimtiririka. Binti akajifunika shuka gubigubi. "Baba, jamani!"

"Jamani haimkingi mtu. Kunja."

Walimaliza shuka nne ndipo binti akauliza swali lake la kwanza. La pili lilimshinda baba. Akakiri hajui, wakaenda wote kumuuliza yule mhudumu. Tangu hapo binti hakuacha kuuliza, na Pasi Moto hakuwahi kumfokea.

Miaka minne baadaye, binti akiwa chuoni akisomea umeme, alimjia baba kibandani amekunja uso.

"Baba, nimemwambia yule kijana niliyekutajia twende tukapime kwanza, kabla ya lolote. Amenuna. Eti simwamini."

Pasi Moto akasimamisha pasi. Akaituliza sauti. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mimi naenda Jumatatu. Asipokuja, basi asije tena."

"Hilo nilikufundisha mimi?"

"Hapana. Hilo langu."

Kijana hakutokea. Binti alipima peke yake, akamlilia kijana siku mbili, ya tatu akarudi chuoni na mkoba wa vifaa begani. Pasi Moto alimtazama akivuka barabara, akajikuta hana wasiwasi hata chembe. Akaingia ndani kumalizia shati la mteja mmoja, bwana harusi.