Bustani ya Kumpokea Sista

Mwaka ule wa 1953, Felista wa Mgeta alizoea kumtazama jirani yake, mjane mkulima wa kabichi, akihangaika na bustani mbele ya mlango. Kila asubuhi mjane alipanda kutoka mtoni na kikapu cha mawe kichwani, akayapanga kando ya kijia huku akinong'ona kana kwamba anayabembeleza. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa jembe, lakini miche ya waridi aliyoiomba misheni aliishika kwa ncha tu. Kisha alirudi nyuma hadi njiani, akasimama kama mgeni, akaitazama nyumba, akaenda kuhamisha mche mmoja. Mvua ikisomba udongo, alianza upya. Binti yake wa pekee alikuwa ameweka nadhiri za usista, na sasa alikuwa ameruhusiwa kuja kumsalimia.

Alikuja Jumamosi mchana pamoja na sista mzee. Alipofika kwenye waridi alisimama.

"Shikamoo, mama. Bustani inapendeza."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, chakula kiko tayari."

Binti aliinamisha kichwa. "Kanuni yetu hairuhusu tuingie nyumba ya wazazi, mama. Tuongee hapa hapa."

Mjane alitoa kiti, hakikukaliwa. Wakaongea habari za mvua kwa kusimama, kisha masista wakaondoka.

Felista alimkuta mwenzake bado mlangoni. "Maua ameyaona, dada," alimwambia.

"Ameyaona," mjane akajibu polepole. "Kitanda nilichomtandikia hakukiona."