Mtoto Aliyeitwa Mbwa

Zamani mtoto aliyezaliwa baada ya makaburi ya nduguze aliitwa Mbwa ili aishi; siku hizi anaitwa Malaika angali tumboni, anapigwa picha kitovu hakijakauka, na wakimzika wanaulizana nani kawaroga.

Pale kijijini Ha Ramohapi, Lesotho, chini ya milima ya Maluti, kazi ya kuchora kuta ilikuwa imebaki kwa mwanamke mmoja. Jina lake la utotoni walishalisahau. Alikuwa 'Mapitso, mama yake Pitso, basi. Kila mwaka mipichi ilipotoa maua na upepo wa Agosti ulipoanza kuchoka, alikanda udongo na samadi ya ng'ombe, akaupaka ukutani, na kabla haujakauka akauchora kwa vidole na kwa uma wa mezani: matuta ya shamba lililolimwa, majani, punje za mtama. Mvua ya Desemba ilikuja ikaosha vyote, naye hakusikitika. Alisema ukuta usiooshwa ni wa watu waliosahauliwa na mababu zao. Leo kuta zile zimepakwa rangi ya dukani isiyooshwa na mvua wala machozi, na vijana wanaona hayo ndiyo maendeleo.

Mikono ile haikujua kukaa. Jioni ilisuka kofia za majani, zile zenye ncha kama mlima, na hapakuwa na mtoto kijijini ambaye hakuvaa kofia yake. Asubuhi ilioka mkate kwenye chungu cha chuma cha miguu mitatu, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Mumewe, Sekhobe, aliyekuwa amerudi kutoka mgodini na kifua kilichojaa vumbi, alisema harufu ya chungu kile ndiyo dawa pekee iliyomfika mapafuni.

Lakini palikuwa na mtoto mmoja ambaye mikono ile ilikatazwa kumtengenezea chochote, na mtoto huyo alikuwa mjukuu wake mwenyewe.

Pitso, mwana wao, alikuwa kazini Welkom, Afrika Kusini. Mkewe, msichana wa Maseru, aliishi kwa wakwe. Alizaa mvulana, Thuso, na kwa desturi yeye mwenyewe akaitwa 'Mathuso. Thuso alikufa kabla ya kuota meno. Wa pili alimfuata kaburini. Alipozaliwa wa tatu, msichana, Sekhobe hakungoja kushauriwa. Alimwita Ntja, Mbwa. Kifo hakihangaiki kuiba mbwa. Alinyolewa akaachiwa kishungi kimoja utosini, akafungwa kipande cha blanketi kuukuu, na mtu yeyote asithubutu kusema ni mzuri. Hata mkate hakupewa mkononi. Aliangushiwa.

Naye akawa mbwa kwelikweli, mbwa wa miaka miwili mwenye mashavu. Chungu kilipofunuliwa alikuwa mlangoni tayari.

"Hau! Hau!"

"Nani huyo?" 'Mapitso aliuliza bila kugeuka. "Mbwa gani huyu asiye na haya?"

"Hau!"

"Mbwa wa watu! Nenda kwenu ukatafune mifupa." Akamega ganda lililoungua kidogo, akaliangusha juu ya gunia.

Mtoto akaliokota kwa mikono miwili. "Nkhono, moto."

"Ukimwita bibi yako vizuri hivyo si mbwa tena. Puliza."

Sekhobe alicheka mpaka akakohoa. 'Mathuso hakucheka. Alikuwa anaosha vyombo uani, mgongo umewageukia. Mkwe hazungumzi na baba mkwe, wala halitamki jina lake. Akiwa na neno hulipitisha kwa mama mkwe. Kwa hiyo Sekhobe alidhani hana neno. Hakujua kwamba wakiwa wawili tu, yeye na mtoto, alimwita Naleli, nyota.

Majira yale ya machipuko 'Mapitso alikuwa anapaka ukuta wa mbele. Mtoto alijisogeza taratibu kando yake, akaubandika mkono wake wote kwenye udongo mbichi, akautoa, akaitazama alama kana kwamba ameokota kitu. Bibi alisimama kidogo. Kisha akachovya kidole kwenye maji, akauzungushia ule mkono mdogo majani: moja, jingine, jingine, mpaka ukawa ua lililofunguka. Mtoto akapiga makofi.

Sekhobe alikuwa anatoka zizini.

"Hicho nini?"

"Mkono."

"Naona ni mkono, macho sijauza. Hayo majani ya nini?"

"Vidole vilikwenda vyenyewe, Ntate," alijibu, akimwita mumewe kwa heshima kama baba.

"Basi virudi vyenyewe. Futa."

"Watoto wa majirani wote nimewasukia kofia. Huyu wa kwangu sijamsukia hata kamba ya kiuno."

"Ndiyo maana anatembea. Wale wawili ulianza kuwafumia masweta wangali tumboni. Futa, mwanamke, kabla hawajaona."

Hakusema ni akina nani hao ambao wasione. 'Mapitso alijua: mzee alikuwa ametazama nyuma ya zizi, kwenye makaburi mawili madogo. Alifuta kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempangusa mgonjwa uso.

Juma halikuisha. Upepo uligeuka, baridi ikateremka kutoka mlimani, na mtoto akaanza kupumua kwa mluzi. Sekhobe alikaa kwenye kigoda akisema lile alilokuwa nalo moyoni: "Mlimpamba. Niliwaambia." 'Mathuso hakungoja asikie mwisho. Alimfunga mtoto mgongoni akashika njia ya zahanati, na 'Mapitso akamfuata huku mikono yake ingali na udongo.

Mzee alibaki peke yake. Usidhani hakumpenda yule mtoto. Alikwenda nyuma ya zizi walikolala wale wawili, akakaa juu ya jiwe upepo ukimpiga, akawaambia waendelee na safari yao, kuna nini cha kufuata nyumbani kwa mbwa?

Mtoto alipona. Wauguzi walisema ni sindano; Sekhobe alisema ni jina. Hilo angelivumilia, kila mtu na dawa yake. Lakini walipoingia uani aliona kichwa cha mtoto ni kipara kabisa. Kishungi hakipo. Na mwilini ana sweta jipya jekundu.

"'Mapitso," alisema, "nani amemkata nywele huyu?"

"Mimi," alisema 'Mathuso.

Alisema hivyo akimtazama usoni. Tangu aolewe hakuwahi kumjibu ana kwa ana, na kwa muda mzee hakujua sauti imetoka wapi.

"'Mapitso, mwambie mkweo..."

"Nasikia, baba. Niambie mwenyewe. Mimi mnaniita kwa jina la mwanangu aliye kaburini. Kila mkitaka maji, 'Mathuso. Kila mkitaka kuni, 'Mathuso. Na huyu aliye hai mnamwita mbwa. Katika nyumba hii nani anaitwa kama mtu?"

"Wale waliokwenda waliitwa kama watu," alisema Sekhobe. "Thuso. Jina zuri kabisa. Yuko wapi?"

'Mathuso aliingia ndani, akaanza kukunja nguo. Anakwenda kwa mumewe, alisema, Welkom, akakae hata kibandani. Sekhobe hakushtuka sana. Wasichana wa mjini huondoka. Kilichomshtua ni kumwona 'Mapitso naye anakunja.

"Wewe nawe unakwenda wapi?"

"Mtoto kifua hakijatulia. Na sweta lile nimelifuma mimi, pale zahanati, kwa sindano za kuazima. Sijamaliza kofia yake."

"Mama Pitso, nani atanipikia?"

"Chungu unakijua kilipo, Ntate."

Ya baadaye Sekhobe aliyapata kwa watu. Kwamba mtoto amekua, anasoma, anajibu Naleli. Kwamba huko Welkom kuta ni za matofali, na 'Mapitso alifuma mpaka macho yakamwisha. Alifia hukohuko, na aliacha neno azikwe hukohuko. Kifua cha Sekhobe hakikuweza safari. Watu walimwambia, unaona, mzee, mtoto ameishi bila jina lako. Aliwajibu kwamba miaka miwili ya mwanzo aliishi nalo, na hiyo ndiyo miaka inayoua.

Kuwaona, mara ya mwisho ilikuwa asubuhi ile walipoondoka. Hakuwasindikiza. Alisimama kwenye ukuta wa zizi, blanketi mabegani, wakateremka njia ya barabarani, 'Mathuso mbele na mzigo kichwani, 'Mapitso nyuma na mtoto mgongoni. Walipofika kwenye mipichi aliita, kwa sauti yote iliyobaki kifuani.

"Ntja!"

Mtoto aligeuza shingo, macho yakaanza kutafuta sauti inatoka upande gani. Kabla hayajamfikia, mama yake alirudi hatua, akamwekea kiganja shavuni, akamgeuza uso mbele. 'Mapitso hakusimama. Alimpandisha tu mtoto mgongoni, wakaendelea kuteremka.