Picha Iliyobaki Darasa la Kwanza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeing'oa katika maisha yangu. Nilishuka kwenye pikipiki mbele ya boma la ndugu yangu Kibet huko Kapseret, begi mgongoni, laptopu nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimekaa nje ya nchi miaka mingi. Langoni nilimkuta msichana mmoja mrefu akiwafungia ndama. Nikamsalimia vile mtu mzima anavyomsalimia mtoto wa wenyewe, nikamuuliza kama mwenye boma yupo.

"Baba yuko huko chini, anakamua," akasema. "Karibu ukae nimuite. Nimwambie ni nani amekuja?"

Mwanangu, huyo alikuwa Jerono, binti yangu wa kumzaa. Nilimuuliza mtoto wangu mwenyewe baba yake yuko wapi, naye akanijibu kwa adabu akaenda kumwita.

Sasa wewe, kijana wa watu ninayekuita mwanangu kwa umri tu, juzi umekuja kwangu na tikiti kwenye simu, meno yote nje, ukaniambia umepata biashara ya mtandao isiyotaka ofisi. Utaanzia Istanbul, halafu Bangkok, halafu popote moyo utakapokutuma. Mtoto wako hajaanza hata kusimama, na unasema atabaki na mama yake kwa ndugu yako huko Chepsaita, ni kwa muda tu. Ulitaka baraka zangu kwa sababu umesikia mimi ndiye niliyeyaanza mambo haya hapa Eldoret kabla hamjayatafutia jina tamu. Ni kweli, niliyaanza. Basi kaa nikueleze, na uache kuangalia saa. Mtu ambaye dunia nzima ni ofisi yake anachelewa kwenda wapi?

Mimi nilikuwa mkimbiaji. Hilo si la kujisifu. Hapa kwetu kila nyumba ina mtu aliyewahi kukimbia, na wengi wetu hatukufika. Nilikuwa sungura, yule anayelipwa kuwavuta wenzake kwa kasi mpaka katikati ya mbio, kisha anatoka njiani wengine wakamalizie. Kisigino kilipoharibika nikabaki na marafiki wa Kizungu niliowapata kwenye mashindano, watu wa maofisini wanaokimbia kwa kupenda tu. Walikuwa wananiuliza kila mara sisi tunafanyaje mazoezi. Nikatengeneza tovuti, nikaanza kuwauzia programu: Jumatatu mwendo wa pole, Jumanne kasi, Alhamisi vilima. Mteja ananitumia muda wake, mimi namsahihisha. Kazi hiyo haikujali nimekaa wapi, mradi kuna umeme na mtandao.

Lakini sikuondoka kwa ajili ya kazi peke yake, na sitakuficha. Mke wangu Jepkoech alikuwa amefariki kwa ugonjwa, Jerono akiwa bado hajui kusema vizuri. Nilivumilia miaka michache. Kila kikombe ndani ya nyumba ile kilikuwa kimeshikwa na mkono wake, na mimi nikashindwa kukaa navyo. Wateja walipoanza kunialika, huyu Lisbon, yule Dubai, nikaona Mungu amenifungulia mlango. Msafiri akitaka kukimbia kilio chake hupata sababu nyingi nzuri za safari.

Unajua desturi yetu ya ng'ombe. Ukiwa na mifugo mingi au ukienda mbali, unamwekea rafiki ng'ombe mmoja. Yeye anakamua, anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wako na ndama ni wako, hata ukirudi baada ya miaka kumi. Siku ya kuondoka nilimshika Jerono mkono, akiwa na sweta mpya ya darasa la kwanza, nikamwambia Kibet kwa utani, "Huyu nimekuwekea." Kibet hakucheka. Mkewe, ambaye sisi humwita Mama Kiprop, alimvuta mtoto karibu na gauni lake akaniuliza nitarudi lini. Nikasema Desemba.

Asubuhi hiyo nilimpiga picha. Alikuwa anakimbilia shule kwenye barabara ya murram, begi linaruka mgongoni, mdomo wazi kwa kicheko, kwa sababu nilikuwa nimemwambia ashindane na mimi mpaka kwenye mkaratusi wa jirani. Niliiweka picha ile kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti. Biashara ikapanda kama maziwa kwenye sufuria. Watu walimpenda msichana yule kuliko walivyozipenda programu zangu. Waliniandikia wakitaka picha yake kwenye fulana, kwenye vikombe vya chai, nami nikatafuta kiwanda, nikawauzia. Kuna watu katika nchi zenye theluji waliokunywa chai kila siku wakitazamana na binti yangu, wakati mimi sijui amekula nini.

Desemba ilifika, na viza yangu ilikuwa imebaki siku chache. Ninyi mtakuja kujua pasipoti yetu ni kitu gani. Mwenzako wa Ulaya anapita tu, wewe unasimama dirishani na barua ya benki, tikiti ya kurudi, na maelezo ya hoteli. Niliogopa nikirudi nyumbani sitapata tena ruhusa ya kutoka. Nikasema mwaka ujao. Mwaka ujao kukawa na mbio kubwa na wateja wapya. Hivyo ndivyo miaka inavyoliwa, mwanangu, si kwa kuamua kubaki, ila kwa kuahirisha kurudi.

Usifikiri nilikuwa nakula raha. Nilifika miji ambayo majina yake yakitajwa watu hushangilia, na nilichokiona ni soketi ya ukutani na neno la siri la mtandao. Vyumba vyote vilikuwa kimoja. Nilishikwa na homa siku tatu katika nyumba ya kupanga, na aliyebisha mlango ni mtu wa kubadilisha mashuka. Jasho likinitiririka kwa joto la huko Asia, nilikuwa nawaandikia wateja kwamba leo Kapseret kumeamka na ukungu, nyasi zina umande, vijana wetu wameshatoka kukimbia. Nilikuwa nauza kwetu na mimi mwenyewe sipo kwetu. Mtembezi hula miguu yake, na mimi niliila yangu mpaka magotini.

Simu nilipiga, mwanzoni. Jerono alikuwa anaamka mimi nikilala. Akaingia shule ya bweni, nikawa nampata Kibet tu, na Kibet si mtu wa maneno. Wakati mmoja alinitumia picha mpya, msichana amekua, amenyoa nywele, amesimama na cheti. Nilimshukuru, lakini sikuiweka kwenye tovuti kwa sababu wateja walimtaka yule mdogo. Nilipoulizwa msichana anaendeleaje, nilijibu bado anakimbia. Na mimi nikaanza kuuamini uongo wangu. Kichwani mwangu mtoto alibaki na sweta ile ile, darasa la kwanza, akinishinda mbio. Ndiyo maana nilifika langoni nikamtafuta aliye mdogo, na huyu aliyekuwa kidato cha pili nikamwona ni mgeni.

Kibet alikuja na ndoo ya maziwa mkononi, aliponiona akaiweka chini taratibu. Akamwambia Jerono, huyu ndiye baba yako. Msichana akanitazama, akainamisha kichwa nimguse, kama watoto wetu wanavyomsalimia mzee yeyote. Hakulia wala hakukasirika. Laiti angekasirika. Mtoto anayekukasirikia bado anakudai.

Niliwekewa kikombe kile cha kabati, cha wageni. Nilitandikiwa kitanda kizuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nilikaa pale wiki nzima na nyingine, na hakuna aliyenipa jembe. Nikiinuka kubeba maji, Jerono ananipokonya ndoo kwa upole. Nikisogea kwa ng'ombe, naambiwa nitachafuka. Nilitamani anitume, anigombeze, aniambie nimeketi mahali pake. Ningefurahi kama mtu aliyeshinda medali.

Ndipo nikafanya ujinga wa mwisho. Niliwaita wazee wa ukoo nikasema nataka mtoto wangu, nimpeleke shule nzuri, aishi na mimi. Nikawakumbusha desturi, kwamba ng'ombe wa kuwekewa hurudi kwa mwenyewe. Kogo wetu, mama mzaa baba, alikuwa bado hai, amejifunika blanketi karibu na moto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ng'ombe hamjui mwenyewe," akasema. "Anajua mkono ule unamkamua. Na huyu si ng'ombe, Kimeli. Muulizeni."

Wakamuuliza. Jerono alisimama katikati ya wazee, mikono nyuma, akasema ananishukuru sana kwa kumkumbuka, lakini mama yake anaumwa mgongo na hakuna mwingine wa kumsaidia shule zikifungwa. Mama aliyemtaja ni Mama Kiprop. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo nilikuwa nimeiimba shuleni, na ilinibidi nizunguke nusu ya dunia ndipo niielewe.

Sikuondoka tena. Nilipanga nyumba hapa mjini, nikaitoa picha kwenye tovuti, na biashara ikanyauka polepole, nami nikaiacha inyauke. Kila Jumapili nilipanda hadi Kapseret. Nilidhani maji yanaweza kuzoleka ukiinama vya kutosha. Miaka ikapita, Jerono akamaliza chuo cha ualimu, na siku zote alinipokea vizuri, akanipa chai, akanisindikiza mpaka barabarani. Hatukuwahi kugombana hata mara moja. Watu wa nyumba moja hugombana.

Desemba iliyopita wageni walikuja kutoka Ainabkoi kwa ajili ya koito yake, ile siku watu wa kijana huketi na watu wa msichana kuposa na kupatana mahari. Siku chache kabla, Kibet alinijia hapa. Akaniambia mzazi ni mimi, nikitaka kiti cha baba atanipisha. Ndugu yangu ni mtu mwema, na wema wake ndio unaoniumiza zaidi. Nikamuuliza Kibet, je, Jerono mwenyewe anataka nini? Kibet akageuza kofia yake mkononi, akasema msichana ameomba viti vibaki vilivyo.

Basi siku hiyo nyumba ilijaa. Kibet alikaa mahali pa baba, Mama Kiprop kando yake, na mimi upande wa ndugu, karibu na mlango. Kijana alijua habari zetu. Wazee wake hawakujua. Mzee mmoja wa Ainabkoi, mcheshi, alitaka kumjua kila mtu kabla ya mazungumzo kuanza, akawa anapita mmoja baada ya mwingine. Akanifikia.

"Na huyu mzee wa kofia nyeusi," akasema. "Wewe ni nani wa msichana?"

Kibet alinitazama, na ningefungua mdomo kusema kweli, najua angesimama anipishe mbele ya wageni wote. Jerono alikuwa amesimama karibu na shangazi zake, amevaa vizuri, mrembo, sura ya Jepkoech kabisa. Macho yake yalikuwa kwangu, na kilichokuwa ndani yake ni hofu. Alihofu nitamharibia siku.

"Mimi ni baba mdogo," nikasema.

Mzee akaridhika, akaendelea na aliyenifuata. Niliona mabega ya Jerono yakishuka. Baadaye akapita akiwagawia watu mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na alipofika kwangu akanijazia bilauri mpaka juu, akainama karibu na sikio langu akasema, "Asante, baba mdogo." Asante kubwa kuliko zote alizowahi kunipa niliipata kwa kumkana. Nilikunywa maziwa yale yote, mwanangu, na sikumbuki ladha yake.

Usingoje nikuambie kwamba baadaye mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Ameolewa, ananipigia simu sikukuu zikifika, ananiuliza afya. Mimi ni mzee anayeheshimiwa, na sina mtoto.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, uichukue au uitupe. Kazi ya laptopu si dhambi, na dunia si mbaya. Wapo wanaozunguka nayo wakarudi wazima. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Kama ni lazima uende, nenda na mkeo na mtoto, mkaonje shida pamoja. Kama huwezi kwenda nao, nunua tikiti ya kurudi kabla ya ile ya kwenda, na siku yake ikifika upande ndege hata kama mteja mkubwa kuliko wote amekuita. Usimwambie ndugu yako umemwekea. Usitundike sura ya mtoto wako mbele ya wanunuzi, maana utakuja kuipenda picha kwa sababu haikui wala haikuulizi kitu. Na ukijikuta unasema Desemba, jua umeshaanza kupotea.

Ulikuja kutafuta baraka, nami sitakunyima. Mungu akulindie kazi ya mikono yako na akupe mkate kila unapolala. Mtoto wako akuzoee, mwanangu. Akuzoee mpaka akuchoke, akujibu vibaya, akufungie mlango kwa hasira akijua kesho utakuwa pale pale. Mungu akupe heshima zote za dunia, na hapo nyumbani kwako akunyime heshima ya mgeni.