Mawe ya Werema

Ng'ombe wa kwanza ambaye Dafroza alimnunua kwa Werema, mnadani Bunda, alikuwa anachechemea. "Amelalia mguu tu, mama," Werema akasema, uso mkavu. Dafroza, mwenye bucha Musoma, akalipa bei ya kilema, akaahidi kuongeza pesa mguu ukipona. Toka siku hiyo wakaheshimiana.

Dalali huyu wa Butiama alibishania kila kitu, hata kikombe cha chai alichokaribishwa bure. Ndipo ikamwanza homa ya kutetemeka, inakuja inaondoka, na maumivu chini ya mbavu. Akameza dawa za malaria. Dafroza akamtazama macho, akaona umanjano.

"Kaka Werema, ungekuwa ng'ombe nisingekununua."

Hospitalini picha ikaonyesha mawe yamejazana kwenye mirija ya nyongo, ndani kabisa ya ini, upande wa kushoto. Dokta Hana, mpasuaji, akamweleza kuwa mirija hiyo imeshasinyaa. Yakitolewa mawe peke yake yatajaa tena, na usaha wa safari ijayo utamuua. Upande wa kushoto ukatwe. Ini litakalobaki litamtosha.

"Toa mawe, ini niachie."

"Mzee, hapa si mnadani."

"Basi kata nusu ya hiyo sehemu."

Akagoma kusaini. Homa ikarudi, kali zaidi. Dafroza akang'amua kuwa kinachomkwamisha si kisu. Ni kukubali bei ya kwanza. Akamfuata daktari kwenye korido. "Mwambie na mawe unayachukua wewe. Akibisha, legeza."

Daktari akacheka, akaenda kujaribu. Werema akainuka kitandani. Machinjioni huwa wanapita watu wakitafuta vijiwe vya nyongo ya ng'ombe, wakivigombania kwa pesa nyingi.

"Ng'ombe huwaga anatoa kimoja, mimi nimejaza ini! Mawe yangu huyapati!"

Daktari akanuna kidogo, akakubali. Werema akasaini haraka, daktari asije akageuka.

Alipozinduka baada ya upasuaji aliulizia kopo la mawe yake kabla ya kumuulizia mkewe. Alipoyaanika, yale mawe ya kahawia yakamomonyoka kama ukoko wa ugali. Mnunuzi wa vijiwe akachungulia, akauliza ng'ombe huyu wa wapi.

"Wa Butiama," Dafroza akajibu. "Mbishi kidogo."

Sasa macho ya Werema ni meupe, homa hana. Alichopoteza ni kipande cha ini na utajiri wa kwenye kopo. Dafroza, kwa kumpata rafiki yake mzima, akajiona amepata faida tupu, mpaka mnada uliofuata, alipoanza kushusha bei ya ng'ombe. Werema akapandisha shati, kovu likaonekana na kila mtu.

"Dada, hata daktari alinilegezea. Wewe nani?"

Dafroza akafungua pochi. Akalipa.