Mtaa wa Mabati wa Murunga

Nangila alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni pake, mtaa wa Huruma, Nicanor alipomjia na kofia mkononi. Nicanor alikuwa karani, jirani wa ukuta mmoja, tena waliimba pamoja kwaya ya kanisa.

"Dada, kaa chini."

"Nimekaa. Sema."

"Murunga ametutoka huko mahabusu. Wanasema ni tumbo."

Nangila akaendelea kupepeta. Mikono ilikuwa bado haijasikia.

Murunga alikuwa mdogo wake, fundi wa mabati; Nangila ndiye aliyemlea mama yao alipofariki. Mwaka huo wa 1988, watu walipokwisha kupiga kura kwa kujipanga foleni nyuma ya wagombea, Murunga alitengeneza kwa bati mfano mdogo wa mtaa wao mzima juu ya meza: vyumba, vyoo, hata mtaro unaonuka. Jumapili baada ya ibada akautoa nje.

"Hii ni Huruma ya mwaka elfu mbili," aliwaambia watu. "Mnataka iwe namna gani? Semeni, nikate bati."

Mama Akello akataka bomba la maji kila mlango.

"Ya nini, na wewe huogi?" mtu akamtupia. Wakacheka.

Nicanor akaagiza kichumba chenye pazia.

"Cha kuogea?"

"Cha kura. Unaingia peke yako, hakuna anayekuona."

Kicheko kikakatika. Murunga akakata bati, akatia pazia, akakiweka katikati ya mtaa.

Haikupita wiki, wanaume wawili wakaja na Landrova. Mama Akello akaapa hajawahi kuiona meza ile. Nicanor akasema, "Mambo ya siasa anayajua Murunga mwenyewe." Wale wanaume wakampa Murunga nyundo yake, wakamwamuru auponde mtaa wote mbele ya majirani.

"Mpigieni makofi," mmoja akasema.

Wakapiga. Kisha wakamchukua.

Sasa kanisa likakataa kumzika mchochezi, ila tu kama mtu wa mtaa angeshuhudia kwamba kile kichumba hakikuwa wazo lake. Nangila akaenda kwa Nicanor.

"Sema tu kwamba wewe ndiye uliyeagiza. Azikwe kama Mkristo."

"Dada, nina watoto."

"Na yeye alikuwa na mimi."

Nicanor akatazama sakafu. "Nitakuja niimbe. Kuimba naweza."

Walipomvika Murunga suti, waliona vidole vyote vya mkono wa kulia vimevunjwa. Nangila akaukunja mkono chini ya shuka.

Walimzika kijijini Chepsaita, kwenye shamba la mjomba. Mchungaji hakuja. Nicanor alikuja, lakini kulikuwa na mtu mgeni mwenye koti amesimama kwenye ua, na wimbo haukutoka.

Basi Nangila akaomba mwenyewe. "Bwana, huyu ni Murunga, fundi. Alitengeneza alichoagizwa na watu. Mpokee."

Wachache wakaitikia amina. Jeneza likashushwa, wanaume wakafukia, mjomba akasimika msalaba wa mbao. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Turbo, kwa hiyo waombolezaji wakaondoka mapema. Nangila akasawazisha udongo kwa mikono, kisha naye akaenda.